Maneno ya Jikoni ya Tantine Mabel

Sijamwona mtu aliyeua watu wengi kama Mabel Gaspar. Alikuwa mfupi, rozari shingoni, fimbo ya kutembelea mkononi, na alikaa ghorofa ya kumi na moja hapa Dixon, mtaa wa Toronto, upande ule ndege zinapopita chini chini zikienda kutua. Aliua kwa kisu, kwa risasi, kwa mfuko wa plastiki. Mmoja alimuua kwa mlango wa friji. Aliwaua asubuhi, baada ya chai, mama yangu akiwa mbele yake anamenya viazi.

Ni Mmarekani, mwandishi wa riwaya na wa filamu. Sisi Wakongo mtu wa umri wake tunamwita tantine, yaani shangazi, basi kwangu alikuwa Tantine Mabel. Wazazi wake walikuwa Wagoa wa Nairobi. Baba alikuwa karani wa reli. Wakaondoka Kenya mwaka sitini na nane wakaenda Marekani, mji mmoja wa viwanda huko New Jersey, na Mabel akazaliwa mwaka uliofuata. Watoto wa nyumba ile walisemeshwa Kiingereza. Kiswahili kilibaki jikoni, baba na mama wakitaka kugombana bila watoto kujua. Mabel akajifunza chote akiwa chini ya meza. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa na kisu, moto, damu, mlango, toka na nitakuua, lakini ukimwuliza mawingu yanaitwaje, anakuonyesha kwa kidole.

Aliolewa na askari polisi akiwa na miaka ishirini na mbili. Wiki ya pili ya ndoa wali ulishika sufuria, mume akampiga. Hakutumia ngumi. Alichukua kile kitabu kinene cha namba za simu walichokuwa nacho zamani, akakiweka ubavuni mwa mke wake, akapiga juu ya kitabu, maana ukipiga hivyo ngozi haibaki na alama. Alijifunza kazini. Mabel alivunjika mbavu mbili mwaka ule, na mwaka uliofuata jino.

Chumba kilichokuwa na kitasa kinachofunga kwa ndani kilikuwa bafu peke yake. Mumewe alikuwa akirudi nyumbani na fomu za polisi zilizokwisha kutumika, anazitumia kuwashia moto wa kuchomea nyama. Mabel alizichukua moja moja, akakaa juu ya choo na kalamu, akaandika upande wa nyuma. Upande wa mbele kulikuwa na jina la marehemu, saa aliyokufa na silaha iliyotumika. Nyuma kulikuwa na hadithi yake. Alifanya hivyo miaka mitatu.

Mume alizipata karatasi siku ya Jumamosi, mchana, Mabel akipiga pasi sare yake. Akaanza kusoma kwa sauti, anacheka. Kisha akaanza kuchana. Mabel akanyanyua pasi ikiwa bado na moto, akamwekea shavuni, akaigandamiza. Aliniambia ngozi ya mtu ikiungua inanuka kama nywele, na kwamba hilo halimo katika kitabu chochote alichowahi kusoma. Mume alipojinasua akamshika kwa kola, akamtupa kwenye ngazi zinazoshuka chini ya nyumba. Nyonga ikavunjika. Alilala chini ya ngazi zile saa tano mpaka jirani akasikia. Mama yake ndiye aliyekwenda kuokota karatasi.

Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza. Ndani yake pasi inaua. Katika maisha haikuua. Mume anaishi mpaka leo, ana alama ya pembetatu usoni. Baada ya hapo Mabel aliandika riwaya sita, na watu wa filamu wakamwita. Filamu zenyewe zilikuwa zinapigwa Toronto, kwa sababu mtaa wa hapa ukiuvisha unakuwa mtaa wa Marekani. Wanang'oa sanduku jekundu la barua, wanaweka la buluu. Wanabadilisha namba za magari, wanatundika bendera, taka wanazimwaga wenyewe halafu wanazipanga vizuri. Mabel alikuja kurekebisha maneno ya filamu moja, akabaki miaka ishirini.

Mama yangu, Asumpta, alitumwa kwake na kampuni ya kuhudumia wagonjwa nyumbani, Mabel alipofanyiwa upasuaji wa tatu wa nyonga. Kazi ilikuwa kumwogesha na kumpikia. Siku ya kwanza Mama aliungua kidole kwenye jiko akalaani kwa Kiswahili, na Mabel akajibu kutoka kitandani. Mimi shule sikukaa sana, kwa hiyo nilikuwa napanda na Mama kutoka kwetu ghorofa ya sita, nakaa dirishani. Nilisikiliza.

Namna yao ya kazi ilikuwa hivi. Mabel anaandika kwa Kiingereza. Asubuhi anachukua ukurasa, anamsimulia Mama kwa Kiswahili, yeye na yale maneno yake ya jikoni, huku Mama anamenya viazi. Hatazami uso wa Mama. Anatazama mikono. Mikono ikiendelea kumenya, ukurasa ni uongo, unachanwa. Mikono ikisimama, unabaki. Alisema Kiingereza chake kimekuwa kizuri mno, kinamdanganya. Mauaji yasiyoweza kusemwa kwa maneno ya jikoni hayakutokea.

Nakumbuka kinyozi mmoja aliyemkata mteja shingo kwa wembe. Mabel alisimulia mpaka jasho likamtoka. Viazi vikaendelea kumenywa.

"Huyo hajafa," Mama akasema.

"Amekatwa hapa, Mama Déo. Damu iko mpaka kwenye kioo."

"Anaongea. Mtu aliyekatwa hapo haongei, anatafuta kitu cha kushika. Mpe kitu ashike."

Mabel akampa yule mteja taulo. Kesho yake akasimulia tena, yule mteja akalishika taulo akalikunja vizuri, akalikunja tena, akafa. Mikono ya Mama ikasimama, ganda la kiazi likining'inia kwenye kisu.

Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Watu wote wa Dixon walimwita mama yangu Mama Déo, na Mabel akafuata. Miaka mitatu alikuwa akimwita hivyo, na akimwona Mama ana mimi tu. Asubuhi moja akauliza kwa mzaha, huyo Déo wa kila siku mbona haji kumsalimu mama yake, au ameoa Mzungu akatusahau.

Mama aliweka kisu chini. Akasema, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Déogratias alikuwa na miaka tisa. Walikuwa sokoni, juu kwenye milima ya kwetu, saa sita mchana, Mama anauza mafuta ya mawese, mimi nikiwa mgongoni kwake. Déo alikuwa amevaa jezi ya njano. Watu wenye bunduki wakatokea upande wa wauza chumvi wakaanza kufyatua. Mwenye chumvi alipigwa tumboni, akaketi juu ya gunia lake. Mwanamke mmoja alikatwa mkono kwa panga huku ameushika mkoba. Mama akaanguka chini ya meza pamoja na mimi, na katika kuanguka akampigia Déo kelele akimbie. Akakimbia. Alipigwa risasi mgongoni, baada ya hatua kama kumi.

"Waliolala walipona," Mama akasema. "Mimi mwenyewe nililala. Yeye nilimwambia akimbie."

Hata mimi nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Jina la Déo nililijua, na jezi. Hilo neno la mwisho alikuwa hajamwambia mtu, si padri, si baba yangu.

Baadaye akamwambia Mabel kwamba anajua kazi yake, na anajua vitu vyote vinavyopita jikoni mle vinaingia kwenye karatasi. Hiki kisiingie. Mabel akaibusu rozari yake.

"Sitaandika, Mama Déo. Nikiandika, mkono huu ukauke."

Sasa nije kwa Derek. Derek alikuwa bosi wa filamu, mrefu, anavaa kofia ya sufu hata ndani ya nyumba. Mabel alikuwa amekaa miaka miwili hakuna aliyemwita. Walisema uandishi wake umezeeka. Derek akampa filamu ya majambazi wanaovamia soko la barabarani katika mji wa Marekani, na mara tatu akamrudishia ukurasa wa mwisho. Alisema watu wanakufa kumi na wanne na hakuna moyo unaouma. Alimpa siku mbili, zikipita anamtafuta mwingine.

Mabel aliandika siku moja tu. Na asubuhi iliyofuata hakusimulia kitu. Alikunywa chai, akauliza habari za mvua. Mama akamenya viazi. Ukurasa ulikuwa mezani, na Kiingereza changu ni cha polepole lakini maneno yale yalikuwa mepesi. Mtoto. Jezi ya njano. Mama yake anamwambia kimbia. Risasi mgongoni.

Niliweka kikombe juu yake. Sikumwambia Mama, na hilo ni kosa langu.

Wakachagua kuipiga filamu papa hapa, uwanja wa magari nyuma ya majengo yetu. Watu wa majengo wakaombwa wawe watu wa sokoni. Wakaja Wakongo, Wasomali, Warundi, na Wakenya wachache. Kiprop, mlinzi wa uwanja wa ndege anayekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikuja amevaa tai. Akaulizwa tai ya nini sokoni. Akasema yeye akipigwa risasi lazima aonekane ametoka familia nzuri.

Mabel alikuwa kwenye kiti cha kukunja karibu na kamera. Alipomwona Mama anakuja na kitenge juu ya koti, alisimama bila fimbo. Alikuwa amemwambia siku tatu mfululizo asije, kuna baridi, kuna vumbi.

"Mama Déo, rudi nyumbani. Sijala."

"Utakula baadaye. Leo na mimi ni Mmarekani."

Mama alicheka. Alikwenda akasimama kwenye meza aliyopewa, ya machungwa, akaanza kuyapanga, manne chini na moja juu, kama anayapanga kweli. Mabel alimfuata hatua mbili, nyonga ikakataa. Akamwita Derek. Derek alikuwa anangoja ndege ipite ili sauti iwe safi, akamwonyesha kiganja, asimsumbue.

Msaidizi wake alikuwa ameeleza kwa kipaza sauti. Mlio wa kwanza, wote mkimbie kuelekea uzio wa shule. Kimbieni kwa nguvu, pigeni kelele. Akarudia mara mbili. Kila mtu akaitikia kwa kichwa.

Ndege ikapita. Bunduki ikalia.

Hazikuwa risasi za kweli, lakini sauti ilikuwa ya kweli. Na watu wote wa sokoni wakalala. Hawakupanga. Wazee, wanawake na mabuibui yao, vijana wenye viatu vyeupe, wote chini kifudifudi, vichwa nyuma ya magurudumu, mikono juu ya watoto. Uwanja mzima ukawa mtupu kwa mpigo mmoja, machungwa tu yanabingirika. Kiprop peke yake alikuwa anakimbia, tai begani. Alifika mpaka kwenye uzio ndipo akageuka na kuona yuko peke yake. Baadaye watu walimcheka, akasema kwao wanakimbia hata bila risasi, ni kazi ya ukoo.

Na mtoto. Mwigizaji wa miaka kumi, jina lake Dylan, jezi ya njano. Alikuwa amefundishwa wiki nzima kukimbia, akatoka nyuma ya meza ya samaki akakimbia.

Mama alikuwa chini ya meza ya machungwa. Nilimwona akiinua kichwa akaiona jezi. Mwigizaji mwanamke alikuwa anasema maneno yake kwa Kiingereza, kimbia, mwanangu, kimbia, na Mama akatoka chini ya meza na kuipindua.

"Lala! Lala chini! Déo, lala!"

Alimrukia mtoto kwa mwili wote. Wakaanguka kwenye lami, yeye juu. Chini ya jezi walikuwa wamefunga mfuko wa damu ya bandia wa kupasuka kwa waya, na mtu wa waya akabonyeza kwa wakati wake kama alivyoambiwa. Ukapasuka katikati yao. Mgongo wa mtoto ukawa mwekundu, kifua cha Mama chekundu, uso wake mwekundu. Mwigizaji mwenye bunduki alikuwa anakuja mbio nyuma, hakuweza kusimama, akajikwaa kwao, na kitako cha bunduki kikaingia mdomoni mwa Mama. Nilisikia meno.

Hapo Mama hakuwa Toronto. Alishika mtutu wa ile bunduki kwa mikono miwili, akainyakua, akainuka, akampiga yule kijana usoni kwa kitako. Pua ikalala upande. Akampiga tena alipokuwa amepiga magoti, sikioni, na mara ya tatu begani, na mfupa ukasikika. Kijana alikuwa analia kwa Kiingereza kwamba ni filamu, ni filamu. Mama hakusikia Kiingereza. Wanaume watatu walimvuta nyuma, akamng'ata mmoja kwa meno aliyobaki nayo. Mabel alikuwa anakuja kwa miguu minne, fimbo imeanguka, anaita Mama Déo, Mama Déo.

Kilichomsimamisha Mama si mtu wa kumshika. Ni Dylan. Mtoto aliinuka. Alisimama kwenye lami, mgongo wote unachuruzika, viwiko vimechubuka, akamtafuta kwa macho mama yake mzazi aliyekuwa pembeni, akaanza kutembea kumwendea.

Mama aliachia bunduki. Alimfuata, akamgusa mgongoni, akatazama vidole vyake, akalamba kimoja.

"Ni sukari," aliniambia, na damu yake mwenyewe inamtoka mdomoni.

Alishonwa nyuzi tano kwenye mdomo na tatu juu ya jicho. Meno mawili ya mbele hayapo. Yule kijana alifungwa bega, na alimtumia Mama salamu kwamba hana kinyongo.

Siku ya pili Mabel alishuka kwetu ghorofa ya sita kwa fimbo. Hakukaa. Alisema mbele yangu, "Nimeandika. Nilikuahidi, na nimeandika." Alieleza kwamba alibadilisha jina, akabadilisha mji, akajiambia hivyo inatosha, huyo si Déo tena.

Mama alitoka kwenye sinki akampiga kofi kwa mkono ulioloa. Rozari ikakatika, shanga zikaingia chini ya friji. Mabel hakuinua mkono kujikinga. Alipigwa kofi la pili akiwa amesimama vilevile, na alikuwa mtu anayejua sana namna ya kujikinga.

"Umemuua mara ya pili," Mama akasema. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yalitoka mazito. "Na safari hii umewaita watu waje kutazama."

Mabel alipiga magoti, nyonga ile, akaanza kuokota shanga. Akasema akiwa pale chini kwamba Derek yuko njiani na karatasi. Kamera mbili zilikuwa zinapiga wakati Mama anaruka, na Derek anasema hajawahi kuona kitu kama kile. Anataka kukitumia. Lakini anataka jambazi afike na kuwamaliza wote wawili, Mama na mtoto, wamekumbatiana. Na ili uso wa Mama uonekane lazima Mama atie sahihi.

"Bila sahihi yako hana kitu," Mabel akasema. "Hili hataki ulijue. Ninakwambia mimi. Ukikataa, kitafutwa, na mimi nitakaa upande wako."

Mama alikaa mezani. Kisha akavuta bakuli la viazi.

Derek alipofika alivua kofia. Aliketi kwenye meza yetu, akazungumza vizuri sana, ushujaa wa Mama, pole ya meno. Mabel alitafsiri. Alipofika kwenye sehemu ya jambazi kuwamaliza wote, mikono ya Mama iliendelea kumenya. Nilimwona Mabel akiitazama.

"Mwambie huo ni uongo," Mama akasema. "Mwambie mtoto ainuke. Ainuke, aende kwa mama yake kwa miguu yake, na watu wamwone anakwenda. Nikiona hivyo kwenye karatasi natia sahihi."

Derek alikataa. Alisema filamu nzima inajengwa juu ya kifo kile, risasi isiyompata mtu ni risasi ya nini. Alimgeukia Mabel kama mtu wa kazi moja na yeye, amweleze huyu mama. Mabel akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, mpaka mimi nikaelewa kila neno: kwamba yeye ndiye aliyeandika ukurasa ule, kwamba ukurasa ule uliibwa, na kwamba akimtafuta mwandishi mwingine ammalizie mtoto, yeye atasimama mbele ya kila mtu wa filamu mji huu aseme umetoka wapi. Derek alimwambia basi hatamwita tena, na wala hakuna atakayemwita. Mabel akasema anajua. Akavuta karatasi, akaandika chini mstari mmoja, kwamba mtoto anainuka, kwa mkono wake ule ambao haukukauka. Derek akatia sahihi. Mama akatia yake, jina refu, polepole, na maji ya viazi yakabaki kwenye kona.

Ni kweli, hakuna aliyemwita tena. Amerudi kwenye riwaya. Kampuni ilitaka kumpelekea mtu mwingine wa kumhudumia, na wiki tatu alikuja mtu mwingine. Wiki ya nne Mama alichukua kisu chake cha viazi akapanda lifti.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa chini, Jumapili baada ya misa. Jengo zima lilishuka. Kiprop alipoonekana anakimbia peke yake, watu walipiga meza. Mama hakushuka. Alibaki kwa Mabel, na Mabel naye alibaki.

Nilitazama mpaka mwisho, kisha nikapanda. Walikuwa jikoni, Mabel anasimulia mtu anayenyongwa kwa kamba ya pazia, Mama anamenya viazi. Nilipoingia Mabel akaacha hadithi katikati. Mikono ya Mama ikasimama.

"Aliinuka?" Mama akaniuliza.

"Aliinuka."

"Akafika kwa mama yake?"

"Alifika. Alimshika mkono, wakaenda."

Mama alitazama kiazi kilichokuwa mkononi. Kisha akakigeuza, akaendelea kumenya.